Moshi utoke, hewa iingie: namna ya kujenga dohani kwa kila aina ya moto wa nyumbani

Ukiamka Njombe, Makete au Mufindi asubuhi ya mwezi wa Juni, unakuta umande umeganda juu ya majani na watoto wanapuliza mvuke mdomoni wakienda shule. Huku kwetu moto ndani ya nyumba si pambo. Wenzetu wa Limuru na Nyahururu wanalijua hilo, na wa Lushoto pia. Siku hizi karibu kila anayejenga nyumba ya kisasa nyanda za juu anataka meko sebuleni, na mafundi hawakatai kazi. Tatizo ni kwamba mengi yanajengwa kwa macho. Fundi anaonyeshwa picha kwenye simu, anapanga matofali mpaka yafanane na ile picha, anatoboa paa, anapiga ripu, anaondoka. Moto wa kwanza ukiwashwa moshi unatanda sebule nzima. Familia inafungua milango yote, na baridi waliyotaka kuifukuza inaingia na kukaa kitako.

Meko ya kwanza niliyojenga mimi yalirudisha moshi. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alinipigia simu kwa upole: "Mwanangu, hebu njoo uone." Nikaja, nikakohoa pamoja naye. Nilidhani dohani imeziba. Nilipofungua dirisha lililokuwa karibu, moshi ukapungua hapo hapo. Haukuisha, lakini ulipungua vya kutosha kunifundisha jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: nyumba ile ilikuwa na madirisha ya alumini yanayobana, dari la jipsamu lisilo na upenyo, na milango iliyofika sakafuni. Nilikuwa nimejenga njia ya moshi kutoka, sikuwa nimeacha njia ya hewa kuingia.

Ndiyo maana mwongozo huu unazungumzia mambo mawili kwa pamoja, dohani na tundu la hewa. Ukimpa fundi moja ukamnyima jingine, umepoteza matofali yako.

Kwanza, elewa kinachovuta moshi

Wengi wetu tumekua na taa ya chemli. Ukiiwasha bila kioo, utambi unayumba na kutoa moshi mweusi. Ukirudisha kioo, mwali unasimama na kung'aa. Kioo kile ni dohani. Hewa iliyopashwa moto ndani yake ni nyepesi, inapanda, na inapopanda inavuta hewa mpya kupitia vitundu vya chini. Sasa ziba vile vitundu vya chini kwa kidole uone: mwali unafifia, unaanza kutoa moshi, halafu unazimika, na kioo bado kipo pale pale.

Nguvu ya mvuto huo inatokana na mambo mawili: urefu wa dohani, na tofauti ya joto kati ya hewa iliyo ndani yake na ya nje. Dohani ndefu yenye joto inavuta vizuri, fupi iliyopoa inavuta kwa shida. Kwa hiyo dohani ipite katikati ya nyumba kila inapowezekana. Ile inayobandikwa ukuta wa nje inapigwa baridi pande tatu, na ukiwasha moto asubuhi inachukua muda mrefu kuamka.

Kuna jambo la tatu linalotuhusu sisi wa milimani. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 20 kuliko ya pwani, na mvuto wa dohani unapungua kwa kiasi kama hicho. Vipimo vingi vinavyosambaa mtandaoni viliandikwa kwa ajili ya miji iliyo chini. Ukivichukua kama vilivyo ukajenga Njombe au Limuru, umeanza ukiwa pungufu. Ongeza urefu, au panua tundu la dohani, au fanya yote mawili kidogo kidogo.

Pili, sema moto wako ni wa aina gani

Hili liamuliwe kabla ya kuchimba msingi, kwa sababu kila aina ina hesabu yake. Meko ya wazi ya sebuleni ndiyo yenye njaa kubwa ya hewa. Jiko la chuma lenye mlango linakula hewa kidogo sana. Jiko la kuni la jikoni lenye bomba liko katikati. Mafiga hayana dohani kabisa, ila yanaweza kusaidiwa. Jiko la mkaa na hita ya gesi nitavizungumzia peke yake, maana hatari yake haionekani kwa macho.

Swali ninalomuuliza kila anayeniita ni hili: unataka kuota moto, au unataka nyumba iwe na joto? Meko ya wazi yanapendeza na yanawapa joto walioketi mbele yake, lakini sehemu kubwa ya joto la kuni, asilimia 80 au zaidi, inapanda na moshi. Jiko la chuma lenye mlango unaofunga vizuri linabakisha ndani sehemu kubwa ya joto hilo. Kama bajeti inaruhusu kimoja tu na lengo ni kupasha nyumba, chagua jiko la chuma. Nasema hivi nikijua kwamba kazi ya matofali ndiyo inayonilisha.

Meko ya wazi: vipimo

Anza na mdomo wa meko, si na dohani. Tuchukue mdomo wenye upana wa sentimita 75 na kimo cha sentimita 60. Eneo lake ni sentimita za mraba 4,500. Kanuni ya kawaida inataka tundu la dohani liwe angalau sehemu moja ya kumi ya mdomo, yaani sentimita za mraba 450, ambazo ni tundu la mraba la 22 kwa 22 au bomba la duara lenye kipenyo cha sentimita 24. Kama dohani ni fupi kuliko mita 4.5, chukua sehemu moja ya nane. Mimi huku juu natumia moja ya nane hata kwa dohani ndefu: 24 kwa 24, ndani kwa ndani, baada ya ripu. Hayo maneno ya mwisho myatilie mkazo. Nimeshakuta tundu lililopimwa vizuri kwenye karatasi likaliwa na ripu sentimita mbili kila upande.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mdomo mpana wa kifahari, mita moja na nusu, juu yake dohani ya kawaida. Hautavuta hata ukiomba. Meko makubwa yanadai dohani kubwa na hewa nyingi, na sebule nyingi za kwetu hazihitaji mdomo unaozidi sentimita 75.

Umbo la ndani nalo lina kazi. Mwaka 1796 mwanasayansi Benjamin Thompson, aliyejulikana kama Count Rumford, alichapisha maelezo ya namna ya kurekebisha meko ya London yaliyokuwa yakijaza moshi. Alifanya mambo mawili makubwa. Aliyapunguza kina na kuzipanua kuta za pembeni zikatazama sebuleni, ili joto lirudi kwa watu badala ya kupotelea nyuma. Na alilibana koo, pale moshi unapoingia dohanini, mpaka likabaki na kina cha inchi 4 hivi, yaani sentimita 10, likiwa na upana wa mdomo mzima. Moshi ukipita mahali pembamba unakwenda kasi, haupati nafasi ya kugeuka. Miaka zaidi ya 200 imepita na hesabu hiyo bado inafanya kazi. Kwa mdomo wetu wa 75, Rumford angeweka ukuta wa nyuma wenye upana wa 25 na kina cha 25, pande zikifunguka kwa nyuzi 45. Mimi huongeza kina kidogo, kifike 35, kwa sababu kuni zetu zimezoea kulazwa na si kusimamishwa.

Kwa ufupi, fundi afuate mpangilio huu:

1. Sakafu ya meko iwe ya matofali au mawe, itokeze sentimita 40 mbele ya mdomo na sentimita 20 kila upande, ili kaa likiruka lisiangukie zulia wala mbao.
2. Kuta za ndani ya meko zijengwe kwa matofali ya kuhimili moto. Yakikosekana, tumia tofali za kuchoma zilizoiva sawasawa, zile zinazolia ukizigonga. Tofali za saruji zisiingie humo, zinapasuka. Mawe ya mtoni usiyaguse: maji yaliyojificha ndani yake yakichemka, jiwe linaweza kulipuka.
3. Zege la kawaida nalo halipendi moto wa moja kwa moja. Unganisha matofali ya ndani kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, viungo vyembamba. Udongo wa kichuguu unafaa sana, na wazee wetu waliutumia kabla ya saruji kufika.
4. Juu ya mdomo, koo la sentimita 10 kwa upana mzima, lenye mlango wa chuma wa kufungua na kufunga. Moto usipowaka mlango huo unazuia joto la nyumba lisipotee usiku. Uwekewe mpini unaoonekana, ili mtu ajue upo wazi au umefungwa kabla hajawasha.
5. Kutoka kooni, kuta zikusanyike taratibu kuelekea kwenye tundu la dohani, zisilale kuzidi nyuzi 45, na zisawazishwe ziwe laini. Ngazi ngazi za matofali yaliyoachwa wazi hukamata masizi na kusumbua moshi.
6. Dohani ipande wima. Ikilazimu kona, iwe ya kulala kidogo. Meko mawili yasichangie tundu moja. Kila moto na njia yake.

Hewa ya kuingia: sehemu inayosahaulika

Meko ya wazi yanayowaka vizuri yanaweza kunyonya mamia ya mita za ujazo za hewa kwa saa moja. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye dari la mita 3 ina mita za ujazo 60. Piga hesabu mwenyewe: hewa yote ya chumba inabadilishwa mara kadhaa kila saa. Lazima itoke mahali fulani. Nyumba ya zamani yenye madirisha ya mbao na uwazi chini ya mlango iliipata bila mtu kujua. Nyumba ya leo haina, kwa hiyo inaichukua kupitia njia pekee iliyobaki wazi, yaani dohani yenyewe. Hapo ndipo moshi unaporudi.

Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka tundu la kudumu la hewa lenye angalau nusu ya eneo la koo, na sijaona sababu ya kuteremka chini ya hapo. Koo letu ni 75 kwa 10, sentimita za mraba 750. Nusu yake ni 375, yaani tundu la sentimita 25 kwa 15. Litobolewe ukutani karibu na meko, chini, ili hewa baridi iende kwenye moto bila kupita miguuni mwa watu. Lililo bora zaidi ni bomba linalopita chini ya sakafu kutoka nje na kutokea kando ya mdomo wa meko, lakini hilo lazima lipangwe kabla ya kumwaga zege.

Usiweke wavu wa mbu. Najua nasema hivyo katika nchi yenye malaria, lakini matundu ya wavu wa mbu ni madogo mno, yanaziba kwa vumbi mwezi mmoja tu, na ukishaziba huna tundu. Tumia wavu wa matundu yasiyopungua milimita 5, unaozuia panya na popo. Mbu wazuie kwa chandarua kitandani. Tundu lisiwe na kifuniko cha kufungwa, maana siku ya baridi kali mtu atakifunga, na siku hiyo ndiyo yenye moto mkubwa.

Angalia pia feni ya kunyonya hewa ya jikoni au chooni. Ikiwa na nguvu inashindana na dohani, na mara nyingi inashinda. Washa feni na meko kwa pamoja siku ya majaribio, usingoje wageni.

Juu ya paa

Kuna kipimo rahisi kukumbuka. Dohani itokeze angalau sentimita 90 juu ya mahali inapochomoza kwenye paa, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka kwake. "Kitu chochote" ni pamoja na mgongo wa paa, tangi la maji, na ule ukuta unaoficha bati kwenye nyumba za siku hizi. Nyumba za paa la kufichwa zina shida hii sana: mwenye nyumba hataki dohani ionekane, fundi anaikata iwe sawa na ukuta, upepo ukigonga ukuta unateremka moja kwa moja ndani ya tundu. Paa la nyasi linataka zaidi, mita 1.8 juu ya nyasi, kwa ajili ya cheche.

Kofia ya kuzuia mvua iwekwe, ila iachiwe nafasi ya sentimita 20 au zaidi juu ya mdomo wa dohani. Kofia iliyokaa chini ni kizibo.

Ndani ya paa ndiko moto wa nyumba unakoanzia, kwa sababu hakuna anayepaangalia. Ukuta wa dohani ya matofali usiwe mwembamba kuliko sentimita 10, na kenchi, papi na mbao zote zikae sentimita 5 mbali nao, bila kujazwa kitu katikati. Fundi seremala asigongomelee chochote kwenye dohani. Ukitumia bomba la chuma la ukuta mmoja, mbao zikae sentimita 45 mbali, na bomba la namna hiyo lisipitishwe kabisa kwenye dari. Hapo tumia bomba la kuta mbili lenye kizuia joto katikati, au lipitishe ndani ya dohani ya matofali. Mabati ya kuezekea na mabomba yaliyopakwa zinki yasiwe karibu na moto, maana zinki ikipata joto kali hutoa moshi unaomletea mtu homa. Na yale mabomba ya zamani ya saruji yenye asbestosi, hata ukipewa bure, yaache.

Jiko la chuma lenye mlango

Hapa mambo ni mepesi. Bomba la kipenyo cha sentimita 15 linatosha majiko mengi ya nyumbani, mradi lisiwe dogo kuliko mdomo wa jiko lenyewe na urefu wake ufike mita 4.5. Bomba likitokea nyuma ya jiko, kipande cha kulala kisizidi sentimita 15 kabla ya kupanda, na kona ziwe za nyuzi 45.

Hewa inahesabiwa kwa nguvu ya jiko. Kwa nyumba iliyobana, weka sentimita za mraba 5.5 kwa kila kilowati moja. Jiko la kilowati 8 linataka 44, tundu dogo lisilozidi kiganja cha mtoto. Linganisha na lile la 375 la meko ya wazi, utaona kwa nini napendelea jiko hili.

Usiunganishe jiko la chuma na dohani kubwa ya meko ya zamani bila kushusha bomba lake mpaka juu. Moshi wa jiko ni mchache, ukiingia kwenye tundu pana unapoa kabla ya kutoka, unaganda ukutani na kuwa lami.

Jikoni kwa kuni

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yake ni vya watoto wa chini ya miaka mitano. Hao ni watoto wanaobebwa mgongoni mama akipika. Kama una fedha ya dohani moja tu, ianzie jikoni, sebule isubiri.

Jiko banifu la matofali na udongo wa kichuguu lenye bomba la sentimita 10 hadi 15 linajengwa kwa siku chache. Bomba lianze nyuma ya chungu cha mwisho, lipande wima, lipite juu ya paa kwa vipimo vile vile. Sufuria zikae vizuri kwenye midomo yake. Mwanya kati ya sufuria na jiko ni njia ya moshi kurudi usoni mwa mpishi.

Kuna jambo ambalo wataalamu wakija na majiko yao husahau kuliuliza. Jikoni kwetu kuna uchaga juu ya moto, na mahindi yanakaa humo. Moshi unayakausha na kuwafukuza wadudu, na unazilinda nyasi za paa zisiliwe na mchwa. Mama akikataa bomba anajua anachokataa. Kwa hiyo panga mahali pengine pa mahindi kabla ya kujenga: yakaushwe juani mpaka punje ivunjike kwa jino, kisha yaingie kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Hapo ndipo bomba litakubalika na kudumu.

Asiyeweza kujenga jiko bado anaweza kupunguza moshi wa mafiga. Acha uwazi kati ya ukuta na paa pande mbili zinazotazamana, panua dirisha, na ning'iniza kofia kubwa ya chuma juu ya mafiga yenye bomba linalotoka nje. Kofia za namna hiyo zilifungwa kwenye nyumba za Wamaasai huko Kajiado kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, na moshi ndani ulipungua sana.

Mkaa na gesi

Jiko la mkaa halina dohani na halitoi moshi unaoonekana, ndiyo maana watu wanaliamini. Wanaliingiza chumbani usiku, wanafunga mlango, wanalala. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayojishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu aliyelala haamki. Lubumbashi wanaliita mbabula, kwetu ni jiko la mkaa, na kila msimu wa baridi linaondoa watu.

Kuliwasha nje mpaka mkaa uwe mwekundu hakuondoi gesi hiyo. Dirisha lililofunguliwa kidogo si kipimo. Hakuna tundu ninaloweza kukupa hesabu yake likafanya jiko la mkaa liwe salama chumbani. Lipikie nje au jikoni palipo wazi, na ukitaka joto la kulalia, chemsha maji utie kwenye chupa ya mpira.

Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, wakasikia kizunguzungu na kichefuchefu, na wakitoka nje wanapata nafuu, hiyo si malaria ya ukoo mzima. Watoe wote nje, zima moto, wapeleke hospitali wapewe oksijeni. Kengele ya kaboni monoksidi inapatikana madukani na mtandaoni. Iwekwe chumba chenye moto, mita 1 hadi 3 kutoka ulipo, hata kama dohani yako ni nzuri.

Hita ya gesi isiyo na bomba inahitaji matundu mawili ya kudumu, moja juu na moja chini. La chini ni kwa sababu gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Isiwekwe chumba cha kulala wala bafuni.

Kuni na usafi

Kuni mbichi huwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Moto unatumia nguvu kuyachemsha, moshi unapanda ukiwa wa baridi, na lami inaganda dohanini. Kausha mpaka maji yawe chini ya asilimia 20: pasua, panga chini ya paa lenye upepo, subiri msimu mzima wa kiangazi, na mkaratusi mwaka au zaidi. Ukigonga vipande viwili vilivyokauka vinalia kama mbao za ngoma, na ncha zake zina nyufa. Miwati, ambayo Njombe imejaa, inawaka vizuri sana ikikauka. Mbao zenye rangi au dawa na plastiki zisiingie.

Dohani isafishwe kwa brashi ya waya kabla ya baridi kuanza, na tena katikati ya msimu kama moto unawaka kila siku. Masizi yakifika unene wa milimita 3, ni wakati. Yakiachwa yatashika moto yenyewe siku moja, na utasikia mngurumo kama wa lori linalopanda mlima. Hilo likitokea funga mlango wa jiko au koo kama unaweza bila kuungua, toa watu nje, piga 114 ukiwa Tanzania. Usimwage maji dohanini, yanapasua kuta zilizopata moto.

Jivu liende kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta. Kaa linaweza kuishi ndani ya jivu siku mbili tatu.

Moto wa kwanza, na dohani inapogoma

Acha kazi mpya ikauke wiki nne. Kisha washa moto mdogo wa dakika 30, kesho yake mkubwa kidogo, ukiongeza kwa siku tano au sita. Kila unapowasha dohani iliyopoa, anza kwa kushika gazeti linalowaka karibu na koo mpaka uone moshi wake unavutwa juu, ndipo uwashe kuni.

Moshi ukirudi, usivunje kitu bado. Fungua dirisha. Moshi ukiisha kabisa, nyumba inakosa hewa, panua tundu la hewa. Ukirudi siku za upepo tu, tatizo liko juu ya paa: ongeza urefu au inua kofia. Ukirudi siku zote hata dirisha likiwa wazi, mdomo ni mkubwa kuliko dohani. Hapo chukua kipande cha bati chenye upana wa meko, kishike kwa koleo na glavu juu ya mdomo, ukishushe polepole moto ukiwa unawaka. Kuna mahali moshi utaacha kutoka. Piga alama ya chaki. Hapo ndipo ukingo wa juu wa mdomo ulipotakiwa kuwa.

Kwa yule mama bati lilisimama sentimita 9 chini ya ukingo nilioujenga. Tuliongeza safu moja ya tofali kwenye chuma, nikatoboa tundu la hewa chini ya rafu ya vitabu upande wa kulia, tukawasha tena jioni ile ile. Alifunga dirisha mwenyewe, akavuta kiti.